Wifi, Lenzi na Rangi ya Kucha

Kwanza muelewe jambo moja: wifi yangu ni dada wa mwanamume aliyeniacha. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kaka yake alipofunga mabegi yake, miaka tisa iliyopita, mtaa mzima ulikaa ukingoja dada mtu naye afunge yake, maana alikuwa akiishi kwetu. Hakufunga kitu. Asubuhi ile alitoka chumbani na ndoo ya maji, akadeki sebule, akaniuliza, "Wifi, leo chai tunakunywa na nini?" Mpaka leo yupo, na sijawahi kumuuliza kwa nini alibaki.

Kaka yake huyo mtaani wanamwita Bwana Haiwezekani. Jina sikumpa mimi, ingawa ningependa sifa ziwe zangu. Ni neno lake. Paa linavuja, tuzibe? Haiwezekani. Nifungue saluni hapa sebuleni? Haiwezekani. Binti yetu alipomaliza sekondari akasema anataka kusomea ufundi umeme, yule bwana, ambaye wakati huo keshahamia mtaa wa pili, alitoka huko kwake akaja kusimama mlangoni pangu.

"Msichana apande nguzo za umeme? Haiwezekani. Siku akivaa joho, nitoleeni picha niione kwa macho yangu."

Akaenda zake. Daftari moja hakununua. Mimi nikabaki na kitana mkononi, damu inanichemka, na mteja wangu kwenye kiti kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumuliwa.

Wifi alikuwa nyuma ya pazia, anampiga mtu picha za pasipoti. Akatoa kichwa.

"Amesema picha?"

"Amesema picha."

"Ataipata. Nitaipiga mimi, na tutaitundika hapo mbele kwenye kioo, anapopita kila siku kwenda kazini."

Akarudisha kichwa ndani. Nikamsikia akimwambia yule mteja wake ainue kidevu.

Sasa huyu wifi ni mtu wa namna gani? Ni mfupi, mkavu, haongei sana. Kuongea naongea mimi kwa niaba ya nyumba nzima. Miaka kumi na saba alifanya kazi kiwanda cha nguo, meza ya ukaguzi. Alikuwa anakaa mbele ya kitambaa kinachopita, ana kioo cha kukuzia chenye pete ya kuzungusha kwa vidole, anatafuta uzi uliokatika, fundo, doa. Akiona kasoro anabonyeza kengele, kitambaa kinasimama. Halafu ikaletwa mashine inayojionea yenyewe. Wanawake wote kumi na wanne wa meza ile unga wao ukamwagika siku moja. Meneja aliwakusanya akawaambia, tena kwa upole kabisa, kwamba mashine inaona kuliko wao. Wifi alinisimulia hayo akikata vitunguu, wala hakuinua uso.

"Inaona kuliko sisi," alisema. "Haya, sawa."

Lakini vile vitunguu siku ile vilikatwa vikakatika. Vilitoka laini mpaka havikuonekana kwenye sufuria.

Kiinua mgongo chake kilikuwa kidogo cha kuchekesha. Akakichukua chote, akanunua kamera kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameichoka. Kamera ya anayeanza, nyepesi, na kilenzi kimoja kifupi cha kumpigia mtu aliye mbele ya pua yako. Tukaikata saluni katikati kwa pazia la bluu. Upande huu nasuka, upande ule wifi anapiga picha. "Kaa wima. Inua kidevu. Usicheke, serikali haitaki." Anavyokazana na pasipoti ya mtu, ungedhani ile sura inakwenda kuchapwa kwenye noti.

Basi mwaka huu binti akamaliza chuo. Miezi miwili kabla ya mahafali likabandikwa tangazo getini: mbele ya jukwaa watasimama wanachama wa chama cha wapiga picha tu, wale wenye vizibao. Wazazi watapewa kadi mbili, watakaa nyuma ya hema, na kamera zao hazitapita getini. Wifi alisoma tangazo mara mbili, kisha akaenda kwa mwenyekiti wa chama kuomba kujiunga. Nilimsindikiza. Mwenyekiti huyo tunamwita Mifuko, kwa sababu kizibao chake kina mifuko kumi na sita na sijawahi kumwona akitoa kitu hata kwenye mmoja.

Mifuko aliigeuzageuza kamera ya wifi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake.

"Mama, hii ni ya kujifunzia," akasema. "Kwanza ukomae, halafu ndiyo uje."

Akomae! Mtu ana miaka hamsini na moja! Nikafungua mdomo nimpe yake, wifi akanishika kiwiko. Na mimi nikishikwa kiwiko na wifi huwa nanyamaza, ni yeye peke yake duniani anayeweza hilo.

Mtaniuliza, si mngemlipa huyo Mifuko apige, yaishe? Jirani yetu alimlipa mwaka jana. Picha ilipotoka, mgeni rasmi alionekana meno yote, na mtoto wa jirani alionekana sikio. Na hata kama angekuwa bingwa wa mabingwa, maneno yalikuwa yameshasemwa: wifi alisema atapiga yeye.

Wakati wa kurudi tulipita kando ya uwanja wa chuo. Umezungushiwa ukuta mfupi wa matofali, na juu ya matofali kuna waya wa matundu. Upande wa mawio ya jua uzio huo unapakana na njia ya waenda kwa miguu. Wifi akasimama pale. Akaangalia jukwaa la saruji kule ndani, ngazi zake, pale wanapopandia na pale wanaposhukia. Akaingiza kidole kwenye tundu la waya kupima ukubwa wake.

"Hapa ni njia ya watu wote," akasema. "Mbele hawanitaki. Nitasimama huku, nitawavuta. Wifi, nahitaji lenzi ya kuvuta vilivyo mbali."

Dukani tulikwenda Jumamosi, baada ya mimi kusuka vichwa viwili vya haraka. Muuzaji wa lenzi zilizotumika ni mtu mzima mwenye miwani ya kamba, anakaa nyuma ya kaunta yenye waya kwa sababu ya wezi. Wifi alimweleza anataka nini na ana kiasi gani, bila kuona haya. Akatolewa lenzi tatu, zikapangwa juu ya kitambaa.

Ya kwanza ilikuwa kama mpya, ya milimita hamsini na tano mpaka mia mbili hamsini, namba ikipanda inavuta mbali zaidi, na ndani yake ina kitu cha kutuliza picha mkono ukitetemeka. Wifi aliishika, akaipenda, akauliza bei, akairudisha kwenye kitambaa taratibu kama anayelaza mtoto.

Ya pili ilikuwa ya plastiki, nyepesi, sabini mpaka mia tatu, na bei yake tuliiweza. "Hii ndiyo wanaoanza wote wanaichukua," muuzaji akasema. "Fokasi inaweka yenyewe. Wewe unabonyeza tu." Fokasi, kwa tusiojua, ni ile kazi ya kuifanya picha ikae wazi isiwe na ukungu.

Hapo wifi akafanya jambo lililonitia aibu. Aliomba aingie ndani ya kaunta. Muuzaji akatoa macho, lakini akamfungulia. Akaivika kamera ile lenzi, akalenga barabarani kupitia waya wa kaunta, akabonyeza. Akatuonyesha. Waya ulitoka safi, hata kutu yake unaihesabu. Barabara nyuma yake uji mtupu.

"Imeshika kilicho karibu," muuzaji akasema. "Ukiwa na waya mbele, zima hiyo ya yenyewe, uzungushe pete kwa mkono."

Wifi akazima, akazungusha pete. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Ikaendelea tu kuzunguka.

"Hii haina pa kukomea," akasema. "Nitajuaje nilipoiacha?" Akaishusha. "Ile je?"

Ile ilikuwa ya chuma, nzito, rangi imebanduka ukingoni, sabini mpaka mia mbili na kumi. Na hapa muuzaji nampa haki yake, alisema ukweli mtupu.

"Mama, hiyo ni ya zamani. Yenyewe haina mota, na kamera yako haina mota ya kuisukuma. Haiweki fokasi hata uibembeleze. Hiyo si ya anayeanza, utajuta."

Nilimwona wifi anavyoipokea. Pete yake ilikuwa nzito, inakwenda inafika mwisho, inarudi inafika mwisho, na pembeni imechorwa namba za mita. Akaweka jicho. Vidole vyake vikazungusha kidogo, vikarudi kidogo, vikatulia. Nilivijua vile vidole. Akabonyeza. Tukaikuza picha kwenye kioo cha kamera, na ng'ambo ya barabara tukasoma kibao cha fundi viatu mpaka namba yake ya simu. Waya wa kaunta haukuonekana kabisa.

"Naichukua hii."

Hatukufika mbali. Kwenye kona tu nilishindwa kujizuia.

"Wifi, una akili? Binti atasimama pale jukwaani muda wa kupiga chafya! Atapanda, atapewa, atashuka! Wewe utakuwa unazungusha pete!"

"Nitakuwa nimeshazungusha."

"Unalipiza kisasi cha kiwanda kwa picha ya mwanangu!"

Akasimama. Nilijua nimemchoma.

"Mwanetu," akasema. Basi. Akatangulia mbele na lenzi yake kwapani, akaniacha nimfuate.

Nisiwafiche, wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Alipiga picha za baiskeli, za watoto wanaoruka kamba, za mimi nikisuka. Zote ukungu. Baiskeli ikiwa wazi, mwendeshaji hayumo. Mimi nilitoka pua iko wazi na macho yako kwenye moshi. Wateja wakawa wanacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikaingia bafuni nikalia. Miaka yote ile nilimlea mtoto kwa vidole hivi, kila rasta niliyosuka ilikuwa ada yake, na niliitaka ile picha. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliitaka itundikwe pale kwenye kioo imtoe macho yule bwana.

Nikafanya jambo la kijinga. Niliaga nakwenda kununua rasta, nikaenda kwa Mifuko.

Alinipokea vizuri, akafungua daftari, akaandika jina la binti na kozi yake, tena kwa mwandiko mzuri. Kisha akainua uso, akacheka kidogo puani.

"Kumbe hata nyumbani kwake hawamwamini."

Kha! Uso ulinipata moto. Hayo ndiyo niliyokuwa nimekwenda kumwambia, sivyo? Nilikuwa nimefunga safari mchana kweupe kwenda kumweleza Mifuko kwamba wifi yangu haoni. Hata yule meneja wa kiwanda hakumfanyia hivyo, maana yeye hakuwahi kula naye sahani moja.

"Futa," nikasema.

"Nini?"

"Hilo jina. Futa."

"Haiwezekani, mama, nimeshaandika kwa wino."

Angejua neno alilolitumia, asingelitumia. Nilimnyang'anya kalamu mkononi, nikalichora lile jina mistari mpaka karatasi ikatoboka, na jina la chini yake sijui lilikuwa la nani, aniwie radhi. Nikatoka.

Nyumbani nilimkuta wifi kaketi mlangoni na lenzi mapajani.

"Wifi, nina jambo nataka kukwambia."

"Ulikwenda kununua rasta," akasema, "umerudi bila rasta. Najua. Kaa." Nikakaa. Akaigeuza lenzi mapajani. "Umemlipa?"

"Thubutu!"

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Basi inuka, nina kazi na wewe."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Alikuwa amemtuma binti, kule ndani ya chuo, apime kwa hatua kutoka kwenye uzio mpaka pale mgeni rasmi anaposimama. Hatua thelathini na mbili. Wifi akazipima mtaani kwetu, kuanzia mlango wa saluni: zikaishia kwenye nguzo mbele ya duka la dawa. Akatundika mlangoni kipande cha waya wa banda la kuku, wateja wakawa wanaingia kwa kuinama. Akaweka stuli, nyuma ya waya akaweka meza ndogo, juu yake kifuko cha maharage alichokishona mwenyewe, na lenzi ikalala juu ya kifuko, isitikisike. Kisha akanituma kwenye nguzo.

Mgeni rasmi wetu alikuwa dada wa duka la dawa, katoka na koti lake jeupe na gazeti limekunjwa. Mimi nilikuwa mhitimu. Napanda kreti la soda, napokea gazeti, nageuka, nashuka. "Tena!" wifi anapaza sauti. Napanda. "Umegeuka haraka, tena!" Siku ya tatu mtaa mzima ulikuwa umezoea, mpaka mpita njia mmoja alinipa hongera ya kweli. Nimehitimu mara mia mbili mwaka huu, nani kama mimi?

Na siku ile ya tatu wifi akaomba rangi ya kucha. Nikampa nyekundu. Akazungusha pete mpaka uso wangu ukawa wazi pale penye nguzo, akaweka nukta ndogo nyekundu kwenye pete na nyingine kwenye sehemu ya lenzi isiyozunguka, zikitazamana. Zikikutana, hapo ni hatua thelathini na mbili. Haina haja ya kutafuta. Jioni alinionyesha picha. Kope zangu, jamani. Kope moja moja.

Siku ya mahafali tulifika kwenye uzio saa mbili asubuhi. Kadi yangu ya mzazi nilikuwa nayo kwenye pochi na ilibaki humo. Binti mwenyewe alikuwa ameniambia, "Mama, huko nyuma ya hema hutaona hata kofia yangu. Kaa na shangazi." Shangazi mtu alikuwa amempa agizo moja tu: "Ukishika cheti, wa mbele usiwape uso. Hesabu moja, unigeukie mimi."

Stuli ya saluni ikakaa njiani, kifuko cha maharage kikakaa juu ya matofali, lenzi ikaukaribia waya. Wifi akalinganisha nukta nyekundu na nukta nyekundu, akaweka jicho.

"Wamesogeza," akasema.

"Wamesogeza nini?"

"Mgeni rasmi. Kwa ajili ya jua. Meza wameirudisha nyuma, karibu na ukuta wa nyuma ya jukwaa."

Nikaangalia. Kweli, meza haikuwa pale binti alipopima. Hatua tatu, labda nne. Kazi yote ya wiki mbili, kreti, gazeti, hongera za mpita njia, vyote vimekwenda na maji. Nikashika waya.

Wifi hakutoa jicho. "Wanaanza na kozi gani?"

"Ushonaji. Halafu useremala, halafu... Umeme wa mwisho."

"Basi nina washonaji wa kutosha. Nipe rangi."

"Ipi? Nina ya kijani na—"

"Yoyote, wifi!"

Nikamwaga mkoba chini. Mshonaji wa kwanza akapanda, wifi akazungusha, akabonyeza: ukungu. Wa pili: ukungu, lakini meza nyuma yake iko wazi. Kwa wa tatu wifi akarudisha pete unywele mmoja. Mimi nimepiga magoti njiani, nimeshika kichupa wazi, namwomba Mungu wangu. Kwa wa saba wifi akasema, "Huyu." Akanyoosha mkono bila kutazama, nikampa kijiti, akaweka nukta ya kijani.

Hapo ndipo mlinzi alipokuja kwa ndani, anapunga rungu.

"Mama, hapa hairuhusiwi kupiga picha!"

"Hapa wapi?" nikamuuliza, nikasimama. Mkono huo wa kunishika kiwiko leo ulikuwa na kazi, kwa hiyo niliongea mpaka nikatosheka. "Uzio wenu unaishia hapo ulipo wewe. Huku ni barabara. Unataka kunitoa barabarani? Ruka huo ukuta uje unitoe, nikuone! Nimelipa ada miaka mitatu getini kwenu, hakuna aliyeniambia hela yangu hairuhusiwi!"

Watu wa njiani wakasimama. Mwanamke mwenye kapu la mboga akasema, "Mwambie!" Mlinzi akaniangalia, akamwangalia wifi ambaye hata hakugeuka, akaangalia jua. Akaenda kusimama kwenye kivuli.

Wakaitwa wa umeme. Wavulana, wavulana, wavulana. Halafu jina la mwanetu.

Alipanda kwa miguu ile mirefu, joho linamvuta nyuma. Kule mbele vizibao vikasongamana. Mifuko alikuwa amepanda mpaka ngazi za upande wa pili, anapiga kelele, "Huku! Huku mbele!" Binti akapokea cheti kwa mikono miwili. Nikahesabu: moja. Akampa Mifuko mgongo, akageuka huku kwetu, kwenye waya, akakiinua cheti juu ya kichwa na kucheka.

Nikasikia mlio mmoja tu.

"Umeipata?" nikauliza. "Wifi! Umeipata?"

Akaikuza kwenye kioo cha kamera, akasogeza uso, kisha akanipa kamera nzima mkononi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwanangu alikuwa anacheka mbele yangu. Kope moja moja. Kovu la kidole alichojiunguza kwa waya wa umeme mwaka wa kwanza, unaliona. Nyuma yake, ndani ya ukungu, Mifuko kafungua mdomo na mifuko yake yote kumi na sita. Nililia pale njiani bila aibu, na yule mwanamke wa mboga akanishikia mkoba.

Wifi alikuwa anafuta lenzi kwa ncha ya kitenge. "Meneja yule," akasema, akaishia hapo.

Tuliichapisha kubwa, urefu wa mkono. Mchapishaji alituonyesha kwamba kwenye kona ya chini kuna kivuli chembamba, tundu moja la waya limeingia, akasema anaweza kulikata lisionekane. Wifi akaniangalia.

"Liache," nikamwambia yule mchapishaji. "Watu waone tulisimama wapi."

Ikatundikwa Jumatatu kwenye kioo cha mbele, na binti mwenyewe alipanda ngazi akaifungia taa juu yake.

Bwana Haiwezekani alipita Jumanne, akavuka ng'ambo ya barabara. Jumatano akavuka tena. Alhamisi akasimama, nikamwona kwenye kioo changu cha kusukia, kofia mkononi. Jumamosi akaingia. Saluni ilijaa. Wote walijua ni nani, hata mikono ya wasukwaji iliacha kupepea magazeti.

"Nani amepiga hii?" akauliza.

"Dada yako."

Akaiangalia tena picha kwa nyuma, kupitia karatasi. "Naweza kupata nakala?"

Jamani. Miaka tisa nilikuwa nimelitunza neno lake, nimelinoa, nalala nalo naamka nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaweka kitana chini ili nilitamke vizuri.

Pazia la bluu likafunguka. Wifi akatoka na ile lenzi yake shingoni, nukta nyekundu na nukta ya kijani, akamtazama kaka yake kutoka kwenye kofia mpaka viatu.

"Inawezekana, kaka," akasema. "Kaa hapo, upange foleni."

Akakaa. Mbele yake walikuwepo watu wawili wa picha za pasipoti na mmoja wa kusuka.